Karatasi Asiyosomewa Mama

12 Januari

Kaka,

Shikamoo. Huku wote wazima. Mama hajambo kabisa: juzi amegombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, akashinda, na tangu hapo anakula vizuri. Macho tu ndiyo yanayomtupa mkono. Siku hizi anamjua mtu kwa sauti. Ukiingia kimya anashtuka, ukisema "mimi" tu inatosha, anakujua mpaka ulichokula mchana.

Barua yako nimemsomea mara tatu. Kila nikifika pale ulipomwita "bosi mkuu" ananirudisha nyuma nipasome tena. Anauliza kama wifi amepona jino, na kama yule mteja wako mwenye mguu mmoja mfupi amevizoea viatu ulivyomshonea.

Karatasi ya pili.

Hii ni yako peke yako, kama tulivyokubaliana tangu nilipoanza kumsomea. Mimi naona ndiyo barua hasa. Ile ya kwanza ni ya kunawa mikono.

Hapa masjala ya hospitali, kwenye mafaili yangu ya wagonjwa, tumepata wageni. Madaktari wawili watafiti wamekuja na orodha ndefu. Wanataka mafaili ya miaka thelathini ya watu wote ambao kinga ya mwili iligeuka ikawashambulia wenyewe: baridi yabisi, kisukari kile cha utotoni, tezi ya shingo kama yangu, na mengine ambayo hata kuyatamka sijui. Halafu wanaangalia nani kati yao alirudi baadaye na ule ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule unaomlegeza mtu kiungo kimoja kimoja mpaka anabaki macho tu. Kazi yangu ni kupanda ngazi, kula vumbi na kushuka. Nimecheka kimoyomoyo. Wamekuja kuihesabu nyumba yetu, wewe na baridi yabisi yako na mimi na shingo yangu. Faili lako la miaka ile ulipokuwa bado unakaa huku limo humo humo.

Umeandika kwa kupitia tu kwamba mkono wa kulia umeanza kukuangushia msharasi. Mtu hatoboi ngozi miaka ishirini na mitano halafu siku moja akaanza kuangusha kifaa. Nieleze vizuri, na usinipige chenga.

Mdogo wako

*

3 Februari

Bi Mafaili,

Marahaba, mdogo wangu. Msomee Mama haya kwa sauti ya juu: Bosi mkuu, shikamoo! Jino la mkweo, yaani mke wangu, limeng'olewa, na lililong'olewa siyo lililokuwa likiuma, kwa hiyo tumerudi tena Ijumaa. Mteja wa mguu mfupi amevivaa viatu. Soli ya kushoto nimeipandisha inchi tatu kasoro. Siku ya kwanza alisimama wima katikati ya karakana, akashika meza, akasema dunia imelala upande. Nikamwambia ilikuwa imelala tangu zamani, leo ndiyo imeinuka. Mama, mwezi wa nne nakuja. Nikifika nitaita kutoka mlangoni, nione kama utanijua au utasema ni muuza mkaa.

Karatasi ya pili.

Haya, daktari wa vumbi, sikiliza. Mkono wa kulia hauna maumivu, na hilo ndilo linalonichanganya. Baridi yabisi yangu naijua, inauma, ina kelele. Hii imekuja kimya. Uzi wa nta nauvuta, vidole vinauachia bila ruhusa yangu. Nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea, ukimwaga maji hapo yanatuama. Na misuli ya mkono inachezacheza yenyewe nikiwa nimekaa tu, kama kuna mtu ananikonyeza kutoka ndani. Wifi yako, ambaye siku hizi ananipangia kila kitu, anasema ni uchovu.

Daktari wa viungo ameniongezea vidonge vile vile. Ni baridi yabisi, imehama mtaa tu. Usikunje uso.

Kaka yako

*

21 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mama amesikia "mwezi wa nne" na sasa hakuna mtu anayepumzika. Ameniamuru nipige rangi ule ukuta wa chumba chako. Nimemwambia kwani wewe unauona? Akasema "naunusa." Nimepiga rangi. Jirani amehamisha kamba yake.

Karatasi ya pili.

Usikubali kuongezewa vidonge tena. Nenda kwa daktari wa neva, siyo wa viungo. Mwoneshe hiyo nyama iliyobonyea, mwambie na huko kuchezacheza, usimwambie ni kukonyezwa. Nenda wiki hii. Usiniulize kwa nini.

Watafiti wamefika rafu ya miaka yako. Nimechoka, nitaandika zaidi siku nyingine.

Mdogo wako

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa herufi hizi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mama, shikamoo. Mwezi wa nne umenibana kidogo, kuna kazi ya hospitali ya watoto, jozi kumi na nne za viatu vya miguu iliyopinda, na watoto hawasubiri, miguu yao inakua. Nitakuja mambo yakitulia. Rangi mliyopiga isiguswe na mtu.

Karatasi ya pili.

Nimekwenda, ulivyoamuru. Wamenichoma visindano mkononi, mguuni, na hata kwenye ulimi, wanasikiliza misuli kwenye mashine inayokwaruza kama redio mbovu. Hawajasema kitu cha maana. Wanataka faili langu la zamani la huko kwenu, kwa sababu walinipima neva mwaka ule mkono ulipovimba. Wameandika barua rasmi masjala kwenu. Ni mambo ya kumbukumbu tu, usihangaike, ila ukiiona hiyo barua isukume.

Usinipigie karakanani. Mashine ya kusaga soli ina kelele, hatutasikilizana.

Kaka yako

*

4 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama anasema kazi ya watoto ni kazi ya thawabu, kwa hiyo amekusamehe, lakini amesema kwa sauti ile ya mtu ambaye hajasamehe. Anataka umpigie simu. Amenifanya nikae na simu mapajani Jumapili nzima.

Karatasi ya pili.

Nililala wiki mbili na tezi. Moyo ulikuwa unakimbia kama umeiba. Sasa mimi ni mzima, nimerudi kazini. Barua ya madaktari wako ilifika nikiwa nimelala. Mwenzangu wa zamu alitafuta, akawajibu kwamba faili halijaonekana. Masjala yetu unaijua, kuna mafaili yanajificha miaka. Linatafutwa.

Nilipiga karakanani ingawa ulinikataza. Fundi mwenzio akasema umetoka. Nyuma yake kulikuwa na mtu anakohoa, na hapakuwa na mashine yoyote. Kile kikohozi nimekua nacho chumba kimoja, Kaka. Kwa nini hukutaka kuzungumza na mimi?

Mdogo wako

*

11 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa wifi yako, ila maneno ni yangu. Mkono una bandeji, kitu kidogo. Mama, shikamoo. Nakula vizuri, nimenenepa, wifi yako anashuhudia. (Wifi anaandika: sishuhudii.) Simu yetu ni mbovu. Yule mteja wa mguu mfupi amecheza dansi kwenye harusi ya binti yake, akaja kunionesha soli ilivyolika, na mimi nikafurahi kama vile nimecheza mwenyewe.

Karatasi ya pili.

Wananipa dripu, siku tano kila mwezi, na dawa nyingine za kuilaza kinga. Zinachosha. Sisafiri, kwa sababu kila nikitaka kupanga safari siku za dripu zinafika. Karakanani nimeacha kwa muda. Viatu vya watoto alivimalizia fundi mwenzangu, amevishona vizuri, ila visigino kaviweka wima mno.

Lile faili, kama limepatikana lipelekwe. Kama halikupatikana basi, waambie waandike halipo kabisa, madaktari waache kulisubiri. Ni hilo tu.

Na wewe tezi ikoje? Mkono wako una nguvu? Unafungua chupa mwenyewe?

Kaka yako

*

23 Juni

Kaka,

Leo hakuna karatasi ya kwanza. Mama nimemwambia posta wamegoma.

Umeniuliza kama nafungua chupa. Mtu anayeamini ana baridi yabisi tu hamuulizi mwenye tezi kama anafungua chupa. Nimekaa na swali lako siku tatu, halafu Jumatatu nikamwendea yule mtafiti wa kike, mwenye miwani, nikamuuliza nikiwa napanga mafaili, kana kwamba naulizia mvua: daktari wa neva anataka faili la zamani la mgonjwa wa kinga kwa sababu gani? Akaniambia. Kuna ugonjwa mwingine wa neva unaoletwa na kinga kujishambulia. Kwa mtu wa nje unafanana na ule mbaya kama pacha: mkono unalegea, nyama inabonyea, misuli inachezacheza. Tofauti ni kwamba huo una dawa. Mgonjwa akiwa na historia ya kinga kama yako, madaktari wanaweza kukwama katikati, na kipimo cha zamani ndicho kinachowasaidia kulinganisha. Wasipokipata wanaweza kujaribu dawa kwanza, wakasubiri waone.

Faili lako halikupotea. Liko kwangu.

Siku ile ya Februari nilipofika rafu ya miaka yako, asubuhi nilikuwa nimetoa faili la mwanamke mmoja mshona mapazia, baridi yabisi miaka tisa. Lilifunguka mkononi mwangu. Daktari ameandika: nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada imepungua, misuli inachezacheza, hakuna maumivu. Barua yako ilikuwa mkobani. Karatasi ya mwisho ya yule mama ilikuwa ya kifo, mwaka mmoja na nusu baadaye. Halafu nikapanda ngazi na namba iliyofuata kwenye orodha ilikuwa yako. Sikufikiri kama mtu mzima. Nilijiambia wasipokuhesabu hutakuwa mmoja wao. Nikalitia faili mkobani, nikaja nalo nyumbani, nikaliweka chini ya mashuka.

Barua ya madaktari wako ilipofika nilikuwa kitandani, hilo ni kweli. Niliporudi nikaona jibu kwenye daftari, kwamba halikuonekana. Ningelirudisha siku ile. Lakini kutoa faili nje ni kufukuzwa kazi, na wewe ulikuwa umeandika "mambo ya kumbukumbu tu", nikajishikiza kwenye maneno yako kama mtu anayezama. Nilikuwa mwoga. Nikakuandikia "linatafutwa" huku nimelikalia.

Asubuhi ya leo nimelipeleka kwa mkuu wa masjala na kumwambia kila kitu. Hakunifokea. Amechukua funguo zangu, na nakala ya kipimo chako imetumwa kwa madaktari wako mchana huu, nimesimama pale mpaka ikaondoka. Mimi nimesimamishwa kazi.

Nilimuuliza yule mtafiti na swali la pili, la shingo yangu mwenyewe. Alivua miwani. Alisema ndiyo, mahali kadhaa walikochunguza wameona watu wa magonjwa ya kinga wanaupata ule ugonjwa mara nyingi kidogo kuliko wengine. Kidogo, akarudia. Hawajui kama moja linaleta jingine au yote mawili yanatoka shina moja. Katika mafaili elfu mbili na ushee niliyomshushia mimi, waliorudi nao hawazidi watano. Alitaka nifarijike. Nilichosikia ni kwamba kuna watano, na kwamba wa sita nimemficha chini ya shuka.

Niambie ukweli sasa. Una sauti?

Mdogo wako

*

19 Agosti

Mdogo wangu,

Hii ni kwa ubao wa herufi. Wifi yako anapitisha kidole, nafumba jicho akifika kwenye herufi ninayoitaka. Kwa hiyo maneno machache.

Faili lilifika. Walilinganisha, wakapima tena. Siyo ule wenye dawa. Wamesimamisha dripu.

Mimi pia nilificha. Nilijua wanachagua kati ya ugonjwa upi na upi. Ningekuandikia, ungelipeleka siku ile ile. Niliogopa ungeanza kujipima vidole kila asubuhi.

Nilitaka nijue kwanza, ndipo nije kwa Mama. Sikutaka kumletea "labda". Machi nilikuwa na sauti, nzito kama ya mlevi, lakini angeijua. Mei nusu. Sasa hakuna.

Sina hasira.

Ninayo kidogo.

Mwambie Mama. Msomee zote, na za pili.

*

Wifi,

Hapa chini ni mimi. Hayo ya juu ni yake, sikuongeza wala sikupunguza, yamechukua siku nne. Ile "sina hasira" aliimaliza jioni, nikakunja ubao, asubuhi akanikazia jicho mpaka nikaukunjua na kuandika inayofuata. Nafikiri zote mbili ni za kweli.

Yeye amekusamehe, au yuko njiani. Mimi bado, na sitakudanganya kwa kalamu wakati nyinyi wawili mmeshadanganyana vya kutosha, mmoja kwa kumlinda mwenzake na mwingine vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika bakuli la kutapikia. Dripu miezi mitatu, mishipa ya mikono ikajificha mpaka wakawa wanamchoma miguuni. Dawa za kuilaza kinga zikamletea homa ya mapafu mara mbili, ya pili ndiyo iliyoondoka na pumzi ya kuongelea. Nilimuuliza daktari, kama faili lingefika lilipoombwa lingemponya? Akasema hapana, lisingemponya. Nikamuuliza lingefanya nini basi. Akasema tungeacha kumtesa mapema. Nimekaa nalo hilo, na sasa nakupa na wewe ukae nalo.

Anapokula nampondea kila kitu kiwe laini, na hata hivyo anapaliwa. Juzi alicheka, fundi mwenzake alikuja akavaa kiatu cha mtoto kichwani. Nikadhani anakabwa, nikampiga mgongoni mpaka machozi yakamtoka. Siwezi tena kutofautisha kicheko chake na kufa, wifi, na hili sijamwambia mtu mwingine.

Akili yake ni ile ile. Anasikia kila kitu, kwa hiyo msije kumsemea kwenye ukumbi kama maiti.

Mlete Mama. Najua hatamwona na hatamsikia. Nimeliwaza sana, nikaona afadhali amshike miguu, miguu bado ina joto na umbo lake. Msitume jibu, jibu linachukua wiki tatu na sina uhakika na wiki tatu. Pandeni basi.

Kazi umesimamishwa, kwa hiyo usiniambie kuhusu ruhusa. Usije na nguo za mgeni, njoo na za kazi. Mgongo wangu umekwisha, na kumgeuza ubavu kunahitaji watu wawili.